Sikio la Kulia la Tata Kalenga

Kolwezi, 26 Agosti 2024

Tata yangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka nyumbani kwangu. Sisi wazima, isipokuwa vumbi la mwezi huu limetupa wote kikohozi, na mwanangu Abigaëlle amebaki nyumbani siku mbili. Natumaini wewe na Wivine mko salama, na kwamba mgongo umekuachia nafasi ya kulala. Simu huisikii, na meseji unasema ni herufi za sisimizi, kwa hiyo naandika kwa mkono jinsi ulivyonifundisha. Barua anakuletea Iddy, akipita Tenke na gari lake, pamoja na pakiti ya betri za mwezi wa tisa.

Sasa sikiliza habari. Kuanzia Jumatatu tarehe 14 mpaka Ijumaa tarehe 18 Oktoba atakuwa hapa Kolwezi fundi wa masikio kutoka Lubumbashi. Anakuja na mashine za toleo jipya kabisa. Moja nimeishika kwa mkono wangu, maana mwenzake aliileta hapa dukani ninapouza dawa. Ukiiweka hiyo yako karibu nayo, ni kama kuweka redio ya kabati karibu na simu. Haipigi filimbi mtu akikukumbatia. Inajua kutenganisha sauti ya mtu na kelele za malori. Na haitumii betri hata moja, Tata. Unaiweka ndani ya kisanduku chake, inajaza nguvu, unaivaa. Hutamngoja tena Iddy, wala hutaningoja mimi.

Fundi anataka majina kabla Septemba haijaisha, kwa sababu anaagiza kufuata orodha. Wewe utakuja siku moja tu. Utaingia katika chumba kidogo chenye kioo, watakupigia milio midogo, mmoja mmoja, na kila ukisikia utainua mkono. Atakuuliza maswali mawili matatu: tangu lini sikio la kushoto limekufa, tangu lini hili la kulia linapungua, na lini mashine ya zamani ilianza kukuangusha. Hiyo uliyonayo ina miaka minane, Tata. Hata yeye anasema haitengenezwi tena.

Niambie ndiyo, nikuandikishe.

Binti yako,
Ernestine


Tenke, 4 Septemba 2024

Kwa mama yangu Ernestine Kanku, uliyebeba jina la mama yangu,

Barua imefika, na pakiti imefika. Asante. Iddy hajambo, amenenepa, gari lake ndilo limekonda. Mgongo wangu umenyamaza. Wivine anapika bila chumvi kwa amri ya muuguzi, na mimi nakula kwa amri ya Wivine.

Kuhusu hiyo mashine mpya, nimesoma sifa zake mara tatu na nimeona duka limekufundisha kazi. Mimi siitaki. Hii inanitosha. Nasikia gari moshi likipita, namsikia padri, namsikia hata jogoo wa jirani ambaye singependa kumsikia. Mtu wa miaka sabini na mbili anangoja kusikia nini kipya? Watu wanaokuja kuniamkia wanasema yale yale waliyosema mwaka jana, na mimi nayajua kwa moyo.

Tena kutosikia vizuri kuna faida yake. Mwaka jana baada ya misa waliniuliza jambo, nikadhani wananiuliza kama nimeamka vema, nikaitika kwa kichwa. Kumbe wananichagua kuwa mshauri wa ndoa changa. Mpaka leo vijana wanakuja na ugomvi wao, mke anaongea, mume anaongea, mimi naitika kwa kichwa huku na kule, na wanarudi nyumbani wamepatana. Ningewasikia vizuri ningewaharibia.

Na usisahau nani aliyeninunulia hii. Ni marehemu ndugu yako Gracien, mwaka wake wa kwanza wa kuchimba madini. Alikuja nayo ndani ya mfuko wa shati, hajui hata jinsi ya kuifungua. Leo unataka nimpe mtu wa Lubumbashi aitupe kwenye sanduku? Nafasi yangu kwenye hiyo orodha mpe mzee mwingine. Wapo wengi, na baruti iliwala masikio kama mimi.

Mkumbatie Abigaëlle. Mchemshie majani ya mikalatusi kwa hicho kikohozi.

Tata yako,
Kalenga


Kolwezi, 11 Septemba 2024

Tata,

Nilimsomea Abigaëlle ile habari ya ndoa changa, akacheka mpaka kikohozi kikarudi. Mimi pia nilicheka, kisha nikaacha.

Katika ukurasa mmoja umeniandikia mambo mawili. Umesema unasikia kila kitu, na umesema unaitika usichosikia. Nimeusoma ukurasa huo asubuhi na jioni wiki nzima, na sijui niamini lipi. Mashine ya Gracien hakuna atakayeitupa. Itakaa kabatini kwako mpaka mwisho.

Tata, kuna neno nimelibeba tangu matanga yake, na sasa naliandika bila kulipamba kwa sababu nimechoka nalo. Jumatano ile ya Januari 2022, Gracien alipoingia katika njia ya chini ya ardhi kule machimboni Mutoshi, alikuwa na pemba yako usoni. Udongo mweupe wa baraka, uliopakwa na mkono wako. Sadrack, mkubwa wa shimo lao, alisimama katikati ya matanga akasema mbele yetu wote: "Siye tulikatala kuingia. Yeye alikuya na pemba ya tata yake ku uso. Njo tukakubali." Wewe ulikuwa umekaa kwenye kiti chako, unamtazama Sadrack, na uliitika kwa kichwa.

Wewe unayajua mawe kuliko mtu yeyote ninayemjua. Ulipasua miamba kwa baruti miaka ishirini na sita. Ulijua mvua ya Januari inafanya nini kwenye udongo wa chini. Mtoto alitoka Kolwezi akaja mpaka Tenke kukuomba neno lako kabla ya kuingia, na ulimpaka pemba. Yeye ndiye aliyetangulia, ardhi ikashuka, wengine wakapona. Nimekukasirikia, Tata. Tangu matanga nimekuja Tenke mara mbili, na mara zote mbili niliondoka kabla ya chakula cha jioni. Uliona, hukusema kitu.

Kwa hiyo sitakuuliza tena habari ya mashine mpya. Nauliza habari ya ile ya zamani. Siku Gracien alipokuja kukuomba, ilikuwa sikioni? Ulimsikia?

Ernestine


Tenke, 20 Septemba 2024

Yaya Ernestine, dada yangu mkubwa,

Unisamehe mwandiko, shule mimi niliishia mwaka wa tano. Mjomba hajui kama nakuandikia. Amekwenda kanisani kwa vijana wake wa ndoa, nina saa moja.

Barua yako ya mwisho Iddy alimpa mkononi Jumapili. Aliisoma amesimama mlangoni. Akakaa, akaisoma tena. Tangu siku hiyo sahani ya bukari anaigusa tu, anasema ameshiba. Jana alichukua karatasi, akaandika mstari mmoja, akaikunja akaitia motoni. Sijui umemwandikia nini, na sikuulizi, ni mambo yenu ya baba na binti. Lakini naona unamwuliza juu ya mashine ya sikio, kwa sababu ameitoa ameiweka mezani, anaitazama.

Mimi nakuambia ninachokiona kwa macho yangu. Haivai. Tangu nilipokuja kukaa naye, baada ya matanga ya Gracien, sijaiona hata siku moja ikiwa na betri ndani. Ukija wewe, au akija padri, anaibandika tupu, anawatazama midomo. Mimi na yeye tunaongea kwa ubao wa shule na chaki. Neno fupi nalisema mbele ya uso wake, neno refu naliandika. Gari moshi likipita analijua kwa miguu, sakafu inatetemeka.

Pakiti unazotuma ziko chini ya kitanda, ndani ya bati la biskuti. Leo nimezihesabu, ni thelathini na mbili. Hakuna hata moja iliyofunguliwa.

Nilimwuliza kwa ubao, mwaka jana: "Mjomba, kwa nini?" Aliandika chini yake: "Sitaki kuambiwa." Akafuta haraka na mkono wa shati. Mama yangu Mbombo anasema kaka yake alikuwa hivi tangu utoto, kitu kikimwuma anakificha mpaka kioze. Njoo umwone, Yaya. Usimwambie kama ni mimi.

Mdogo wako,
Wivine


Tenke, 27 Septemba 2024

Ernestine,

Umeniuliza neno moja, nitakujibu neno moja, kisha nitaeleza. Sikumsikia.

Ilikuwa Jumamosi, tarehe nane. Betri zilikuwa zimekwisha. Zilikwisha, basi, betri huisha. Mashine ilikuwa sikioni kwa heshima ya nyumba tu. Gracien alifika na pikipiki kutoka Fungurume, alikoachwa na gari la Kolwezi, matope mpaka magotini, akanawa, akala. Wakati wa kula alikuwa ananitazama, na mimi nilikuwa namfuata kwa midomo. Nilishika kama nusu. Aliniuliza habari za mgongo, nikajibu sawasawa. Nilijiona hodari.

Kisha aliondoa sahani, akavua viatu, akapiga magoti mbele yangu, akainamisha kichwa. Ndivyo nilivyowafundisha ninyi nyote wawili, kwamba mtu haombi neno la mzazi huku amemkodolea macho. Nikabaki natazama utosi wake. Mdomo wake ulikuwa unaongea na sakafu. Nilikuwa naona mabega tu yakipanda na kushuka, na aliongea muda mrefu, mrefu kuliko kawaida yake.

Ningeweza kumgusa bega. Ningesema, inua uso, mwanangu, sisikii. Ni maneno machache sana. Lakini mtoto yuko chini anaomba kwa adabu yote, na baba amkatize amwambie hajui anaombwa nini? Niliona aibu. Nikajiambia, huyu anaomba baraka ya ndoa. Unakumbuka tulikuwa tumekwisha kukaa na wazazi wa mchumba wake Mamie mara mbili, ilikuwa imebaki kupanga siku. Nikafurahi, Ernestine. Nilifurahi kweli, nikamkumbuka marehemu mama yenu. Nikachota pemba, nikampaka, nikasema kwa sauti yangu yote: "Enda, mutoto yangu. Mungu akutangulie."

Aliinua uso. Alikuwa kama mtu aliyeshangaa kidogo. Mimi nikadhani ni furaha.

Jumatano wakaja kuniambia ameshukiwa na udongo. Hilo nililisoma kwenye midomo ya watu bila taabu. Kwenye matanga Sadrack aliposimama, nilimwona akigusa uso wake mara tatu akinionyesha mimi, nikaitika kwa kichwa kama kawaida yangu mbaya. Baadaye, watu walipokwisha kutawanyika, nilielewa kwamba pale alipogusa ndipo nilipopaka. Nikajua niliitika kitu, na kitu hicho hakikuwa Mamie. Nikaivua mashine. Mtu asiyesikia haambiwi. Watu walikuja na maneno yao, nikaonyesha sikio, wakaondoka. Nimekaa ndani ya hilo karibu miaka mitatu.

Betri zako zote ziko hapa. Nisamehe, ulikuwa unazituma kwa upendo. Na yale niliyoandika kwamba siitaki mpya kwa sababu ya zamani ni zawadi ya Gracien, nilikuandikia ili uniache. Siitaki mpya kwa sababu siku nitakayosikia vizuri, kuna mtu ataniambia niliitika nini. Labda ni wewe. Naona katika barua yako kwamba unajua.

Kama unajua, niandikie. Au usiniandikie. Nimejaribu kuchagua kati ya hayo mawili wiki nzima na nimeshindwa.

Tata yako,
Kalenga


Kolwezi, 3 Oktoba 2024

Tata,

Barua yako ilinikuta dukani. Nilifunga mlango kabla ya saa, nikakaa chini nyuma ya makabati ya dawa, mahali ambapo wateja hawanioni.

Umeandika kwamba betri zilikwisha, betri huisha. Unanifunika. Usinifunike, Tata. Unajua vizuri kama mimi kwamba pakiti ya Desemba haikufika. Ilikuwa tayari ndani ya bahasha yenye jina lako. Akaja mama mmoja anatafuta betri za aina ile kwa ajili ya mume wake, rafuni zilikuwa zimetuishia, nikafungua bahasha yako nikampa. Nilisema moyoni, Tata atavumilia mpaka Januari. Zikaja sikukuu, nikasahau.

Ijumaa, siku moja kabla hajaja kwako, Gracien alipita hapa. Aliniambia kuna njia ya chini kule Mutoshi iliyoachwa tangu mvua za Desemba. Maji yalipita ndani yake, na sasa wamekauka mikono, hawana pengine pa kuchimba. Sadrack alikuwa amewaambia: asiye na neno la mzazi wake haingii. Nilimkataza. Akanicheka, akasema weye uko mwenye kuuza dawa, majiwe huyajue. Nikamwambia: "Enda uulize Tata. Akisema ndiyo, mi sitasema kitu tena."

Nilisema hivyo kwa sababu nilijua utakataa. Sikuwa na shaka hata kidogo. Nilimtuma kwako ili wewe umzuie.

Alijizoeza mbele yangu, amesimama kati ya maboksi ya serumu, anatabasamu. Umeniuliza uliitika nini, na nimeamua kukuandikia, maana kama nisipoandika leo sitaandika kamwe. Alisema hivi: "Nitapiga magoti, nitamuambia: Tata, weye unajua majiwe. Mvua ilipita mule ndani, na siye tunaogopa. Kama unasema tusiingie, hatuingie. Niambie tu." Ndiyo hayo. Alikuwa tayari kukatazwa, Tata. Nafikiri alitaka kukatazwa.

Jumamosi mchana nilifungua droo kutafuta kitu kingine, nikaiona ile bahasha tupu yenye jina lako. Nikajua saa ile ile. Nilishika simu nimpigie. Nikajiambia labda una betri za akiba. Nikajiambia kama huna, utamwambia husikii, naye ataandika kwenye karatasi. Mteja akaingia, nikaiweka simu. Jumapili akanipigia yeye, ana furaha na hana furaha, unaijua sauti yake. "Tata alikubali. Alinipaka pemba." Nikamwuliza kama alikuambia yote. "Yote." Nilikuwa na siku tatu za kusema, na nilinyamaza zote tatu.

Sasa unajua hasira yangu ilitoka wapi. Ilibidi uwe ulimsikia. Kama ulimsikia, kosa ni lako, na mimi ni dada tu aliyefiwa na kaka. Kama hukumsikia, ni mimi. Kwa hiyo nilichagua kwamba ulimsikia, nikaacha kula mezani pako. Na tangu matanga sijakosa kutuma pakiti hata mwezi mmoja, hata nilipokuwa nimelazwa niliziandika jina nikiwa kitandani. Nilipoiona hii mashine isiyotumia betri, nilitaka uwe nayo kabla ya mtu mwingine yeyote Kolwezi. Nilikuandikia kwamba ni kwa ajili ya malori na filimbi. Haikuwa hivyo. Nilitaka kuacha kuzituma.

Jina lako liko kwenye orodha. Niliandikisha mwenyewe, bila ruhusa yako, siku niliyopata barua yako ya kwanza. Siku yako ni Jumanne tarehe 15. Ukikataa nitamwambia fundi, na sitakusumbua tena.

Mimi sijui mtu anamwombaje baba yake msamaha wa jambo kama hili. Nimeandika tu lilivyokuwa.

Ernestine


Tenke, 11 Oktoba 2024

Mama yangu,

Nimekaa na barua yako siku sita. Siku ya kwanza niliisoma tu. Siku ya pili nilikukasirikia, na nakuambia kwa sababu umekwisha kunizoesha ukweli. Nilitaka kukuandikia siku hiyo hiyo, na Wivine aliponiona uso akaificha kalamu, akaniandikia ubaoni kwamba haioni. Alifanya vema. Siku ya tatu nililia mpaka jirani akaja kumwuliza Wivine kama nimeugua. Gracien sikuwahi kumlilia hivyo. Nilikuwa sijaambiwa.

Baada ya hapo nilianza kufikiri. Kukosa betri kulinizuia kusikia. Hakukunizuia kusema kwamba sisikii. Mdomo wangu ulikuwa mzima siku ile, tena ulikuwa umetoka kula. Hilo ni langu, usiniondolee kwa kupenda kwako kubeba. Na la bahasha na la simu ni lako. Sitakuambia si kitu, ungejua nadanganya. Ni kitu kikubwa. Lakini wewe ulimtuma mtoto kwa baba yake, na hapo ndipo mtoto anapotumwa. Mtu wa kumrudisha alikuwepo, amekaa kwenye kiti, anaona aibu.

Nimekusamehe. Naandika neno hilo peke yake ili usilitafute katikati ya mengine. Na wewe unisamehe kule kuitika kwangu kwa Sadrack, maana najua ndiko kulikokuchoma kuliko yote.

Nimelifikiria pia lile alilouliza. Njia imepitwa na maji, imeachwa wiki kadhaa, haijakauka, na juu yake mvua bado inanyesha. Ernestine, hata mtu wa mwezi wa kwanza kazini angejua. Katika maswali yote aliyoniuliza tangu alipojifunza kusema, lile lilikuwa jepesi kuliko yote. Nisingekohoa hata mara moja kabla ya kujibu.

Nakuja Jumanne na Iddy, Wivine yuko pamoja nami. Nitaingia katika kile chumba cha kioo. Nitainua mkono pale tu ninaposikia, kwa hiyo usisimame nje unipe ishara kwa huruma. Fundi akiniuliza lini mashine ya zamani ilianza kuniangusha, nitamwambia haikuniangusha. Hiyo mpya nitaichukua.

Nakuomba jambo moja. Akishaniwekea, asiwe yeye wa kwanza kusema nami. Mwambie atuachie chumba. Wewe ukae mbele yangu kwenye kiti. Usipige magoti, usiiname, uso wako uwe juu, hata kama nilikufundisha vingine. Uniulize swali la ndugu yako jinsi alivyolisema pale dukani, lote, polepole. Nisiposikia, nitasema sijasikia, nawe utarudia, hata mara kumi.

Halafu nitajibu kwa sauti. Nitasema: Hapana, mutoto yangu. Musiingie.

Tata yako,
Kalenga